Jiwe Linapochomwa, Kinachobaki Ni Nini?

Kemia ni elimu ya mageuko ya vitu: jinsi kitu kinavyoacha kuwa kile kilichokuwa na kuwa kingine. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza huingia maabara akaonyeshwa alama za hatari, taa ya spiriti, mizani na chupa zenye majina magumu, na huenda muhula mzima ukapita kabla hajatambua kwamba nyuma ya vifaa hivyo kuna swali kongwe. Kuni huwa majivu, maziwa huganda, chuma hula kutu. Je, katika kila geuko kuna kitu kinachobaki kilekile, au cha kwanza hufa kabisa na kingine kikazaliwa mahali pake?

Wagiriki wa kale walilijadili swali hili kwa bidii. Aristotle alifundisha kwamba chini ya kila kitu kuna maada inayovua umbo moja na kuvaa jingine. Democritus, aliyemtangulia, alishika kwamba vitu vyote ni chembe zisizokatika, zinazokutana na kuachana. Hoja hizo zilishindana kwa karne nyingi bila mshindi, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuzipima.

Katika pwani ya Afrika Mashariki swali hilo limejengwa ukutani. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa usiku na mchana. Jiwe linalotoka katika moto huo bado lina sura ya jiwe, lakini ni jepesi, na humeguka kwa vidole. Likimwagiwa maji huchemka lenyewe, hufura, hutoa mvuke, kisha huanguka likawa unga mweupe. Unga huo ndio chokaa. Ukichanganywa na mchanga na maji, ukapakwa ukutani, huanza kuwa mgumu, na ugumu wake si wa kukauka tu kama tope la juani: mvua haiulainishi tena. Kwa kazi hiyo zilisimama kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na za jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Mafundi waliijua kazi yao barabara. Ambacho mikono peke yake haikuweza kuwaambia ni kwa nini jiwe lilipungua uzito motoni.

Jibu lilikuja kwa mizani. Mwaka 1756 Mskoti Joseph Black alichapisha majaribio yake juu ya chokaa na vitu vya jamii yake, akaonyesha kwamba uzito uliopotea haukupotea: uliondoka ukiwa hewa, hewa ya aina ya pekee iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Leo hewa hiyo huitwa kabonidioksaidi, au hewa ya ukaa, na hesabu yake yaweza kuandikwa kwenye daftari la mwanafunzi. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa huacha kilo 56 baada ya kuchomwa. Kilo 44 zimekwenda hewani. Kilo hizo 56 zikipewa maji ya kutosha hushika kilo 18 za maji na kuwa kilo 74 za unga. Unga ukiwa ukutani huvuta hewa ya ukaa kilo 44, huyaachia maji yake kilo 18, na zinapatikana tena kilo 100 za jiwe. Kila kilichotoka kinajulikana kilikokwenda, na kila kilichoingia kinajulikana kilikotoka.

Sehemu ya mwisho ya safari hiyo huonekana darasani kwa dakika chache. Chokaa kidogo hukorogwa katika maji, huachwa itulie, na maji maangavu ya juu humiminwa katika chupa nyingine. Mwanafunzi huweka mrija ndani yake na kupuliza taratibu. Maji yaliyokuwa angavu huanza kufifia, kisha huwa kama maji yaliyooshea mchele, na yakiachwa, vumbi jeupe huzama chini. Vumbi hilo kwa asili yake ni jiwe lilelile la matumbawe, na karibu nusu ya uzito wake imetoka katika mapafu ya mtoto. (Akiendelea kupuliza kwa muda mrefu, weupe huyeyuka tena, na kwa njia hiyohiyo maji ya mvua yalichimba mapango ya Amboni karibu na Tanga.) Ni vigumu kupata somo la kwanza lililo bora kuliko hilo, na inasikitisha kwamba shule nyingi hulisoma kwenye kitabu tu.

Aliyeufanya uzani kuwa sheria ya elimu nzima ni Mfaransa Antoine Lavoisier. Wakati wake wengi waliamini kwamba maji yakichemshwa sana hugeuka udongo, kwa sababu chombo hubaki na unga chini. Lavoisier aliyachemsha maji katika chombo cha kioo kilichozibwa kwa siku 101. Unga ulionekana kweli. Lakini alipopima, uzito wa jumla haukubadilika, maji yalikuwa yaleyale, na kilichopungua ni kioo: unga ulikuwa umemomonyoka kutoka kwenye chombo. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 aliichukua kama kanuni kwamba katika kila geuko, kiasi cha maada kabla na baada ni kimoja.

Kanuni hiyo hufika shuleni kwa maneno mafupi: maada haiumbwi wala haiangamizwi. Hapo baadhi ya wanafunzi hushtuka, na wana haki ya kushtuka. Aliyelelewa msikitini au kanisani amefundishwa kwamba vyote viliumbwa na vina mwisho wake. Je, kemia inakana? Haikani. Sheria hii husema juu ya chombo kilichofungwa na kinachotokea ndani yake, kadiri mizani inavyoweza kuona. Haisemi lolote juu ya kwa nini kuna maada badala ya kutokuwepo kitu chochote. Hata ndani ya eneo lake ina mpaka: tangu Einstein, mwaka 1905, inajulikana kwamba nishati inayotoka katika kitu hutoka na uzito wake, ingawa katika moto wa kuni uzito huo ni mdogo mno, hakuna mizani ya maabara ya shule itakayouona.

Mwalimu anayetaka kulieleza jambo hili angefaidika na mjadala wa Waislamu wa kale. Mwishoni mwa karne ya 11, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, mwanazuoni al-Ghazali alitumia mfano wa pamba na moto. Jicho, alisema, huona pamba ikiungua inapokutana na moto. Haliuoni moto wenyewe ukiwa mtendaji, na mtendaji wa kweli ni Mungu. Ibn Rushd alimjibu katika karne iliyofuata kwamba anayekana sababu za vitu anaiondoa elimu yenyewe. Kemia hufanya kazi bila kuamua kati ya wawili hao. Hupima pamba, majivu na moshi, na hesabu hutoka ileile kwa yule na kwa huyu.

Faida ya kuhesabu hivyo haiishii darasani. Mfuko wa plastiki uliochomwa uani hauko tena machoni, lakini uzito wake wote uko hewani na katika vumbi. Jiko la mkaa likiwekwa ndani ya chumba kilichofungwa, mkaa haupungui bure: unakwenda mahali, na ukikosa hewa ya kutosha unakwenda ukiwa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Kuuliza «kimekwenda wapi?» kunaweza kuokoa nyumba nzima. Lakini nchini Tanzania kuna ugumu katika kujifunza kuuliza hivyo: mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali huikuta kemia ya sekondari kwa Kiingereza, na hakuna anayemwonyesha kwamba kitu cha chupani chenye jina geni ni ndugu wa magadi ya kuivishia maharage nyumbani.

Limebaki swali la ukuta. Je, jiwe lililorudi ni lilelile lililoingia motoni? Kalisi yake, ile metali iliyomo katika chokaa, ni ileile iliyokusanywa na matumbawe baharini. Kaboni siyo: ile ya kwanza ilitoroka tanurini, na hii ya sasa ilivutwa kutoka katika hewa ya siku ambazo fundi alipaka lipu. Sehemu ndogo sana ya kaboni ya hewani ni ya aina inayooza polepole, nusu yake ikiisha kwa miaka 5,730 hivi, na kwa kuipima wataalamu huweza kukadiria lipu iliganda lini, mradi waepuke vipande vya tumbawe ambavyo havikuiva motoni. Vipande hivyo bado vina kaboni ya bahari, na huonyesha umri mkubwa kuliko wa jengo.