Mnyama Huyu Anamdai Nani?

Mtumishi ahamishwapo kutoka Kigoma hupakia kitanda, kabati na kuku wake katika lori au gari moshi. Mbwa hubaki langoni. Mbuzi haachwi, maana mbuzi ana bei sokoni. Haupiti muda mbavu za mlinzi yule huhesabika, naye huteremka mwaloni Kibirizi au Katonga kutafuta matumbo ya migebuka. Huko akina mama walioanika dagaa mchangani humfukuza kwa mawe. Siwalaumu, dagaa wale ndio ada ya shule, na mnunuzi hataki waliokanyagwa na mbwa. Lakini mnyama huyu anamdai nani?

Wako wajibuo upesi kwamba hamdai mtu, kwa kuwa mbwa ni najisi. Jawabu hili husikika sana Ujiji, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafii. Laiti wangeitazama vema sheria waitajayo! Huamuru chombo kilichorambwa na mbwa kioshwe mara saba, moja kwa udongo; tena huruhusu mbwa wa ulinzi, wa mawindo na wa mifugo. Ni sheria ya kuosha. Ya kumnyima kiumbe chakula sijaiona humo. Na Hadithi mashuhuri husimulia habari za mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Kiatu chaoshwa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mkoa huu umepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo mara nyingi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na posho ya watu wake imepata kupunguzwa. Mbwa atalishwaje hali binadamu ana njaa? Swali hili halistahili mzaha. Hata hivyo, ukoko wa ugali unaotupwa jalalani haukuwa safarini kwenda Nyarugusu. Wala mbwa hakujileta langoni: aliletwa angali mtoto, akakesha miaka kwa ajili ya mali isiyo yake.

Kuna pia hofu ya kichaa cha mbwa, nayo ni hofu ya haki. Ugonjwa huu hukadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Wengine hupendekeza risasi au sumu. Lakini kuua mbwa hakujaukomesha. Wachanjwapo mbwa 70 katika kila 100, hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo amwokotaye mbwa na ampeleke kwa bwana mifugo mapema, kwani mbwa aliyechanjwa humkinga hata mtoto wa jirani anayemrushia mawe.

Kumpatia makao ndiko kugumu. Aghalabu mwenye kumpokea hutaka mbwa mkali, na huyu aliyeshinda njaa hukimbia hata ufagio. Amtwaaye kwa ulinzi tu amefanya biashara ya halali, lakini akiona habweki atamrudisha mwaloni. Namtaka mpokeaji ajue kwamba mbwa aweza kuishi miaka kumi na zaidi, na kwamba huenda huyu asimwogofye mwizi hata mmoja. Deni aliloliacha yule wa garini limehamia kwake, bila faida yoyote ya kumpunguzia uzito wake.