Lesoni ya 8: Kuacha Sigara Baada ya Miaka Mingi

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Lesoni ya Juma Hili: Yohana 5:1-15, Yohana 8:31-36, 1 Wakorintho 6:19, 20, Danieli 1:8-16, Marko 8:22-25, Yohana 11:38-44, Mithali 24:16, Wagalatia 6:1, 2.

Fungu la Kukariri: Yohana 8:36. Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti kila asubuhi juma hili, kisha linakili kwa mkono wako mwenyewe.

Fundi seremala mmoja wa Babati mjini alianza kuvuta sigara akiwa na miaka 17. Alikuwa utingo kwenye lori lililopakia mpunga Magugu na kuupeleka Arusha. Dereva alikuwa akimpa sigara amuwashie, kisha airudishe. Siku moja hakuirudisha. Miaka 34 baadaye, akiwa na mke, watoto na karakana yake, aliingia darasa la ubatizo. Ijumaa jioni alitupa pakiti chooni, akaomba kwa machozi, na kesho yake akabatizwa. Siku ya tisa alinunua sigara moja dukani.

Tangu hapo alitafuna majani ya mpera kabla ya kwenda kanisani na kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Mzee wa kanisa alipomwuliza hali, alijibu, "Namshukuru Mungu, mzee." Nyumbani aliacha kuongoza ibada ya familia. Aliona aibu kumtaja Mungu kwa kinywa kinachonuka tumbaku.

Ndugu huyu hakubatizwa kwa unafiki. Alimpenda Yesu kweli. Juma hili tutajifunza Bwana anavyomshughulikia mtu aliyefungwa kwa miaka mingi, na kazi ambayo ametuachia sisi majirani zake.

JUMAPILI: Mgonjwa wa Miaka 38

Soma Yohana 5:1-9. Kwa nini Yesu alimwuliza mgonjwa kama anataka kupona?

Swali hilo linashangaza. Nani augue miaka 38, akae kando ya birika la uponyaji, asitake kupona? Lakini angalia jibu la mtu yule. Hakusema ndiyo wala hapana. Alieleza kwa nini imeshindikana: hana mtu wa kumtia birikani, na kila akijaribu mwingine humtangulia. Maelezo yake yalikuwa ya kweli, naye alikuwa ameyazoea kama alivyozoea godoro lake.

Mvutaji wa siku nyingi ana maelezo ya namna hiyohiyo. Baridi ya asubuhi, hasa Juni na Julai. Mawazo ya ada za watoto. Marafiki wa kijiweni. Nilijaribu mara tatu nikashindwa. Yesu hakubishana na maelezo ya mgonjwa, wala hakumlaumu kwa miaka iliyopotea. Alimpa agizo ambalo kwa nguvu zake mwenyewe asingeliweza, na ndani ya agizo lile kulikuwa na uwezo wa kulitii.

Ni maelezo gani uliyoyazoea hata yamekuwa godoro lako? Mwambie Yesu leo, waziwazi, kama unataka kupona.

JUMATATU: Kuujua Mnyororo

Soma Yohana 8:31-36. Kwa nini wasikilizaji wa Yesu walikataa kwamba ni watumwa?

Mtumwa asiyekiri utumwa wake hatafuti kukombolewa. Wavutaji wengi husema, "Mimi naweza kuacha siku yoyote nikitaka." Ni vema kuujua mnyororo wenyewe. Ndani ya tumbaku mna nikotini. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu na kuleta utulivu wa muda mfupi. Ubongo hujifunza kuidai. Ikikosekana, mtu hukasirika upesi, hukosa usingizi, mikono hutetemeka, na akili hukataa kutulia. Vijana huiita arosto. Mara nyingi huwa kali zaidi katika siku tatu za kwanza, kisha hupungua katika majuma mawili hadi manne. Kwa hiyo, utulivu anaodhani ameletewa na sigara ni nafuu ya taabu iliyoletwa na sigara iliyotangulia.

Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, wakiwamo watu zaidi ya milioni moja wasiovuta, bali wanaovuta moshi wa wengine. Mtoto anayelala chumba kimoja na mvutaji yumo katika hatari hiyo. Na ugoro haumwokoi mtu na sigara, kwa maana ni tumbaku ileile iliyobadilisha mlango wa kuingilia.

Tukijua haya, hatutamwita anayehangaika "mtu asiye na imani." Mwili wake umefungwa kweli, naye anahitaji Mkombozi wa kweli.

JUMANNE: Hekalu na Azimio

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20 na Danieli 1:8-16. Danieli aliamua lini, kabla au baada ya chakula cha mfalme kufika mezani?

Paulo anatukumbusha kwamba mwili si mali yetu. Ulinunuliwa kwa thamani, na Roho Mtakatifu anakaa ndani yake. Kumbuka aliwaandikia hayo Wakorintho, watu waliokuwa bado wanapambana na mazoea ya zamani. Hakusema mtakuwa hekalu mtakaposhinda. Alisema ninyi ni hekalu, na kwa sababu hiyo mtukuzeni Mungu. Fundi wetu alidhani Roho amehama siku aliponunua ile sigara moja. Laiti angejua kwamba ile aibu iliyomchoma ilikuwa sauti ya Mwenye hekalu, akimwita arudi.

Historia ya kanisa letu inafundisha subira. Nahodha Joseph Bates, mmoja wa waanzilishi, aliacha tumbaku miaka mingi kabla ya kanisa kuundwa. Lakini baadhi ya waumini wa mwanzo waliotunza Sabato waliendelea kuitumia. Ellen White alianza kuonya dhidi yake mwaka 1848, na njozi kubwa juu ya afya ilimjia huko Otsego, Michigan, mwezi Juni 1863. Ilikuwa safari ya miaka. Mungu aliwaongoza watu wake hatua kwa hatua, bila kuishusha shabaha yake na bila kuwaacha njiani.

Danieli aliazimu moyoni kabla ya jaribu, na pia alikuwa na mpango: siku kumi, mboga na maji, na mtu wa kuzungumza naye. Azimio lisilo na mpango hufa Jumatatu asubuhi.

JUMATANO: Siku Tano

Soma 1 Wakorintho 10:13. Mungu anaahidi mlango wa kutokea. Unaonekanaje mlango huo kwa mvutaji?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mchungaji Mwadventista Elman Folkenberg na daktari J. Wayne McFarland walishirikiana huko Marekani kuandaa Mpango wa Siku Tano wa kuacha sigara. Ulienea katika nchi nyingi. Mchungaji na daktari walisimama mbele ya watu wale wale, jioni tano mfululizo, kwa kuwa tabia hii inashika mwili na roho pamoja.

Mambo mengi katika mpango huo yanawezekana Babati bila gharama:

Chagua siku, na umwambie mtu. Ondoa sigara, viberiti na vibao vya majivu nyumbani na kazini.

Kila hamu ijapo, sema kwa sauti kwamba umechagua kutovuta, kisha omba. Hamu kali kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Vuta pumzi ndefu, unywe maji.

Kunywa maji mengi mchana kutwa. Kula matunda. Acha kahawa na pombe, maana vinaiamsha hamu.

Baada ya kula usikae pale ulipozoea kuvutia. Inuka utembee.

Hesabu fedha. Zidisha bei ya sigara zako za siku moja kwa siku 30, kisha uliza zingenunua madebe mangapi ya mahindi.

Mwenye maumivu ya kifua, shinikizo la damu au kikohozi kisichoisha amwone mganga. Kwenda hospitali si kukosa imani.

ALHAMISI: Mfunguliwa na Wafunguaji

Soma Marko 8:22-25 na Yohana 11:38-44. Yesu alifanya nini peke yake, na aliwaachia watu nini?

Wapo waliotoka majini siku ya ubatizo na hamu ya sigara isirudi tena. Tumsifu Mungu kwa ajili yao. Lakini yule kipofu wa Bethsaida aliguswa mara mbili. Baada ya mguso wa kwanza aliona watu kama miti. Je, Yesu alishindwa? Hasha. Hakumwacha nusu njia, basi.

Lazaro naye alifufuliwa kwa neno la Yesu, jambo ambalo hakuna mwanadamu angeliweza. Lakini alitoka kaburini akiwa bado amefungwa sanda, na Bwana akawaagiza waliosimama pale wamfungue. Kufufua ni kazi yake Bwana. Kufungua sanda ametukabidhi sisi. Na sanda ya mtu aliyekaa kaburini siku nne haina harufu nzuri. Ukiogopa harufu, huwezi kuifungua.

Je, anayeshindwa katika kanisa lako anaweza kusema? Au tumewazoeza watu kutafuna majani ya mpera?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Mithali 24:16 na Wagalatia 6:1, 2.

Jioni moja yule fundi aliamua kusema. Alimkuta mzee wa kanisa dukani kwake akifunga milango, akamwambia, "Mzee, navuta. Sikuacha." Mzee alinyamaza kidogo, akavuta kigoda. "Keti, mwanangu. Sasa tunaweza kuanza."

Kwa jioni tano mzee yule alifika karakana wakati wa kufunga kazi, saa ambayo hamu ilikuwa kali kuliko zote. Walitembea pamoja hadi nyumbani, wakaomba mlangoni. Baada ya majuma matatu fundi alianguka tena, kwenye msiba wa ndugu yake. Safari hii hakujificha. Alimtafuta mzee usiku uleule, na asubuhi wakaanza upya. Leo ameacha, na bado huomba kila asubuhi, kwa sababu anajua anakotoka. Ibada ya familia anaiongoza tena. Kanisani ameondoka benchi la mlangoni. Sasa hukaa hapo kwa hiari Sabato moja moja tu, akimwona mgeni mwenye kutafuna majani.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya kumvumilia anayepambana na kuihalalisha dhambi? Jadilini kwa mfano wa Yohana 5:14.

2. Kama fundi yule angesema darasani mwenu Sabato hii, mngemjibu nini? Nani angemtembelea Jumapili?

3. Zipo tabia zisizonuka, kama vile simu, hasira na masengenyo. Kwa nini ni rahisi kuzificha kanisani, na nani anayajua mapambano yako?