Gari la Kale Mkononi mwa Mgeni

Swali la iwapo inafaa kumkabidhi mtu asiyejulikana gari adimu, kama Jaguar E-Type iliyozinduliwa Geneva mwaka 1961, ni swali la amana kabla ya kuwa la biashara. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, mkataba wa ijara (ukodishaji) hauuzi dhati ya kitu bali manufaa yake kwa muda maalumu, na kwa hiyo aliyekodi huhesabiwa kuwa mwaminiwa: gari likiharibika pasipo yeye kuvuka mipaka wala kuzembea, hadaiwi fidia. Kinyume chake, katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi pwani ya Afrika Mashariki, aliyeazimwa kitu bure hubeba dhamana, isipokuwa kwa uchakavu wa matumizi aliyoruhusiwa. Tofauti hii huweza kumshangaza msomaji, lakini ina uadilifu mzito, kwa kuwa anayepokea ujira amekubali pia sehemu ya hatari.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Wanafiqhi hutofautisha mali yenye mfano wake sokoni, kama nafaka, na mali isiyo na mfano, ambayo ikiharibiwa hulipwa kwa thamani tu. Gari lililodumu miaka sitini, lenye alama za mikono iliyolitunza, ni la aina ya pili, na thamani inayolipwa hairejeshi kilichopotea. Hapo mwenye gari hana budi kujiuliza kama anakodisha manufaa au kumbukumbu, kwani kumbukumbu haina ujira unaojulikana, na ijara isiyo na ujira unaojulikana haisihi.