Mraba Mmoja kati ya Mtu na Namna

Anayetaka kutunga fumbo la miraba lenye mada, akiwa Kigali, amekwisha kurahisishiwa kazi na Kinyarwanda chenyewe. Umuntu ni mtu. Ikintu ni kitu. Ahantu ni mahali. Ukuntu ni namna. Kila neno lina herufi sita, yote yanaishia na NTU, na katika kila moja herufi ya kwanza na ya tatu ni irabu ileile. Ukishaijua mada, kila neno linakudai irabu moja na konsonanti moja, basi.

Mada hiyo ina mwenyewe. Padri Alexis Kagame, Mnyarwanda aliyezaliwa 1912 na kufariki Nairobi 1981, alichapisha mwaka 1956 kitabu cha Kifaransa kuhusu namna Wanyarwanda wanavyofikiri juu ya kuwapo. Hoja yake: kila kilichopo kimo katika mojawapo ya aina hizo nne, na ushahidi uko ndani ya lugha. Aristotle alikuwa amehesabu aina kumi. Ile ya kwanza, dhati, Kagame aliigawa kati ya wenye akili na visivyo na akili. Mahali na wakati akaviweka pamoja ndani ya ahantu. Saba zilizobaki, kama vile wingi, sifa na uhusiano, zikaingia ukuntu. Hesabu ikatimia, hakuna mraba uliobaki wazi.

Sasa lifumbue. Kidokezo cha kwenda kulia kinasema: “Mojawapo ya aina nne za Kagame.” Umekwisha kupata U, kisha pengo, kisha UNTU. Pengo hilo linakatwa na herufi ya pili ya neno la kwenda chini, lenye herufi tano: “Hunywewa Rwanda.” Mfumbuzi mmoja anaandika AMATA, maziwa, na kulia anapata UMUNTU. Mwenzake anaandika IKAWA, kahawa, na kulia anapata UKUNTU. Hakuna aliyekosea. Kati ya mtu na namna pana mraba mmoja tu, na aliyeujaza ni kinywaji.

Hila ya aina hii iliwahi kuwashtua wasomaji wa New York Times tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani. Fumbo la Jeremiah Farrell liliuliza habari kuu ya gazeti la kesho yake. CLINTON iliingia, na BOBDOLE, jina la mpinzani wake, iliingia pia, kwa kuwa vidokezo vya kwenda chini vilikubali yote mawili: mnyama mweusi wa Halloween aweza kuwa popo, BAT, au paka, CAT. Baadhi walipiga simu kulalamika kwamba gazeti limemtangaza mshindi kabla ya kura. Kumbe lilikuwa limewatangaza wawili.

Mwanafalsafa Mwingereza Susan Haack, katika kitabu chake cha 1993, alilifanya fumbo la miraba kuwa mfano wa maarifa. Vidokezo ni yale tunayoyaona na kuyasikia. Maneno yanayokatana ni imani tulizokwisha kuwa nazo. Jibu linahitaji kuungwa mkono na pande zote mbili. Fumbo la Farrell linaonyesha ugumu uliobaki: majibu mawili yanaweza kupatana na kila kitu ukurasani, na mwamuzi akawa nje ya ukurasa. Mwaka 1996 mwamuzi alikuwa mpigakura.

Na kwa Kagame, mwamuzi ni nani? Mwanafalsafa Mbenini Paulin Hountondji, katika miaka ya 1970, alimweka kwenye kundi la wanaolivika taifa zima falsafa moja. Kwa lugha ya miraba: je, maneno yamekaa vizuri kwa sababu ulimwengu uko hivyo, au kwa sababu mtungaji ndiye aliyeikata miraba? Mswahili wa Biryogo, mtaa wa Kigali, anaweza kupima mwenyewe. Ana mtu, ana kitu, lakini mahali limetoka Kiarabu, na namna halina dalili ya NTU. Fumbo lake linavunjika katikati, ilhali hakuna anayedhani kwamba Mswahili hajui alipo.

Kinyarwanda chenyewe hakiheshimu mipaka ya aina hizo nne kila mara; sikiliza kitendawili. “Sakwe sakwe!” anasema mtegaji. “Soma!” wanaitikia. “Sogokuru aryoha aboze”: babu yangu hunoga akioza. Jibu ni umuneke, ndizi mbivu. Kitenzi kimevaa kiambishi cha mtu, na jibu ni kitu. Anayeshindwa husema “Kimpe”, nipe, tofauti na Mswahili anayelazimika kutoa mji.

Kuna neno Kagame alilolikataza makusudi lisiingie kwenye orodha: Imana, Mungu. Kwake, Imana si mojawapo ya -ntu. Lina herufi tano, hivyo halitoshi kwenye safu za sita. Lakini herufi yake ya pili ni M. Mtungaji akifuta kile kidokezo cha kinywaji na kuiteremsha IMANA kutoka juu, pengo linajazwa, na jibu la kwenda kulia linakuwa UMUNTU peke yake. Yule aliyeandika IKAWA atahitaji kifutio.