Undugu na Haki: Suala la Kimemo

Undugu ni nguzo mojawapo ya utamaduni wetu. Mtu aliyeshindwa na karo, ugonjwa au msiba hukimbilia kwa nduguze, na ndugu amfungiaye mlango huhesabiwa kuwa si mtu. Lakini je, undugu una mpaka? Yapo mambo ambayo ndugu hana haki ya kuyaomba, wala nduguye hana haki ya kuyatoa? Tuliliona suala hili kuwa jepesi mpaka lilipobisha hodi nyumbani kwetu.

Mpwa wetu, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa tatu, alitakiwa kutafuta ofisi ya mawakili ya kumpokea kwa mafunzo ya vitendo wakati wa likizo. Chuo kilimpa barua ya utambulisho. Mlango wa kubisha aliachiwa autafute mwenyewe. Alizunguka katikati ya jiji la Dar es Salaam kwa wiki mbili. Kila mapokezi barua yake iliwekwa juu ya nyingine, naye akaambiwa atapigiwa simu. Simu haikulia. Jioni moja akaja kwetu, akatuamkia, akakaa kimya, kisha akasema: "Mjomba, wenzangu waliopata wote wana mtu. Nami nakuomba kimemo tu." Alikwisha kujua kwamba wakili mmoja mwenye ofisi kubwa huja mara kwa mara katika idara yetu kufuatilia majalada ya wateja wake.

Usiku ule hatukumjibu. Asubuhi mama yake, dada yetu, akatuuliza: "Kaka, na wewe ulipoanza kazi ulipelekwa na nani?" Swali lile lilituchoma kwa kuwa lilikuwa la kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1980, tulipomaliza kidato cha nne, ni karatasi ya baba mdogo iliyotufikisha kwenye meza ya ukarani.

Hoja za upande wake si dhaifu. Kwanza, ofisi ile ni mali ya mtu binafsi, naye yu huru kumpokea amtakaye. Pili, kijana anastahili, maana amefaulu vizuri. Tatu, wengine wanafanya hivyo hivyo; atakayekataa atamponza mwanawe bila kuirekebisha dunia.

Hoja ya kwanza yasahau namna karatasi ile ingesomwa. Wakili asingesoma jina letu, angesoma kiti chetu. Siku atakapokuja na jalada lake, sisi na yeye tungejua kwamba pana deni. Hoja ya pili hujipinga yenyewe: kijana anayestahili, akiingia kwa kimemo, hatajua kamwe kama alistahili. Na ya tatu yamsahau mtu mmoja. Katika rundo lile la barua imo ya mtoto wa mkulima asiye na mjomba mjini. Kimemo chetu kisingeongeza nafasi hata moja. Kingemnyang'anya yeye na kumpa wetu.

Sisi tulioanza shule ya msingi katika miaka ya 1970 tulikaririshwa ahadi za mwanachama wa TANU, mojawapo ikifundisha kwamba cheo ni dhamana, wala kisitumiwe kwa faida ya mtu mwenyewe. Hatukujiuliza wakati ule kama mpwa ni mtu mwingine. Utamaduni wetu hujibu kwamba mpwa ni sisi wenyewe. Ikiwa ni hivyo, faida yake ni faida yetu, na ahadi ile yatufunga. Undugu ule ule unaotusukuma kuandika kimemo ndio unaotukataza.

Kwa mwanafunzi wa sheria jambo hili ni zito zaidi. Darasani husoma Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977, isemayo kuwa watu wote ni sawa mbele ya sheria. Si vema hatua yake ya kwanza katika taaluma hiyo iwe ya kuikanusha.

Basi tulimwita, tukamwambia kimemo hatuandiki. Lakini hatukumwacha mikono mitupu. Tulikaa naye jioni mbili tukiitengeneza barua yake, ieleze amesoma nini na aweza kufanya kazi gani. Tukampa nauli na fedha za chakula, ili atafute hata nje ya jiji. Deni la baba mdogo twapaswa kulilipa kwa mali yetu, si kwa nafasi ya mtoto wa mwenzetu.

Alipokelewa katika mahakama ya mwanzo wilayani, akashinda akisikiliza mashauri ya mirathi, ndoa na madeni madogo. Ofisi kubwa aliyoitamani hakuipata, na dada yetu alituamkia kwa shingo upande kwa miezi kadhaa. Hatudai, basi, kwamba haki haina gharama. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Twausifu msumeno huo ukatapo kwa jirani. Walimu na wanafunzi na wajiulize kama wako tayari kuusifu utakapokata nyumbani kwao.