Ramani ya Vivuli

Kuanzia Desemba hadi masika yaanze, naijua Dar es Salaam kwa vivuli vyake kuliko ninavyoijua kwa majina ya mitaa. Kati ya Ubungo ninakoishi na Posta ninakofanya kazi, najua mwembe upi unafunika njia mpaka saa tatu asubuhi, na ukuta upi hauna msaada wowote ikishagonga saa nne. Mtu akiniuliza njia najikuta namwambia akate kona pale kwenye mwarobaini wa fundi viatu. Huwa ananiuliza kama hapo hakuna kibao cha mtaa. Kipo, lakini kimesimikwa juani, na mimi sijawahi kusimama pale kukisoma.

Wanaonionea huruma kupitia madirisha ya daladala hawaijui siri ya baiskeli, kwamba joto halikupati ukiwa mwendoni. Ukienda kilomita 15 kwa saa umejitengenezea upepo wa kilomita 15 kwa saa, bure, na jasho linakauka kabla halijafika kwenye nyusi. Shida huanzia kwenye mataa. Hewa ya pwani wakati wa kaskazi imeshiba maji, hivyo jasho likitoka halina pa kwenda. Linabaki mwilini na kuloanisha shati tu, wala halikupoozi. Ndiyo maana trafiki akiinua mkono kuusimamisha upande wetu, macho yangu hayako kwake. Yanatafuta tawi. Nimeona madereva wa bodaboda wakisimama mbali kabisa na mstari mweupe, chini ya mti, wakisubiri taa iwake kijani, na hata wenye magari nyuma yao hawapigi honi. Hiyo ni sheria ya barabarani ambayo haijaandikwa popote na inafuatwa kuliko zilizoandikwa.

Aliyepanga nyumba magharibi ya kazini kwake, kama mimi, hupigwa jua la uso asubuhi akienda na jioni akirudi. Wenzetu wa Kigamboni jua huwapiga kisogoni nyakati zote mbili, na sijawahi kuwasikia wakishukuru. Fidia yangu ni upepo wa bahari, ambao alasiri hunisukuma mgongoni kuanzia Magomeni. Siku nyingine unasukuma vizuri hata nadhani nimerudia ujana, mpaka nifike kwenye mlima wa kuelekea nyumbani.

Februari inapoisha, jua linafanya jambo ambalo mwenye gari hana sababu ya kulijua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la mchana hupita utosini hasa. Siku hizo, muda mfupi baada ya saa sita mchana, nguzo ya umeme haina kivuli. Ukuta hauna kivuli. Ghorofa la Kariakoo lenye orofa kumi, lililoutia giza mtaa mzima asubuhi, halina hata kipande cha kumsitiri paka. Kinachobaki ni vitu vyenye kichwa kipana: mwamvuli wa muuza vocha, paa la kituo cha mabasi ya mwendokasi, na mti. Hapo ndipo unapoona ni kiasi gani cha mji kimejengwa na watu waliokuwa wakiwaza kupanda juu, na ni kidogo kiasi gani kimejengwa na waliowaza kufunika.

Wazee walikuwa wakifunika. Nyumba ya Kiswahili ya Ilala au Magomeni ilikuwa na baraza mbele, na paa lilitokeza mpaka juu ya baraza, hivyo mpita njia aliyezidiwa aliweza kukaa bila kuombwa kitambulisho. Uhindini nako kuna majengo ya zamani ambayo orofa ya juu imetokezwa mbele, na anayetembea chini yake anapita kivulini kutoka duka moja hadi jingine. Maghorofa yaliyozichukua nafasi za nyumba zile yanakata wima kutoka angani hadi kwenye mtaro. Kitu pekee yanachomtolea mpita njia ni mashine za viyoyozi, zinazompulizia nje joto lililotolewa ndani na kumdondoshea matone kichwani. Kwa hesabu yangu mimi mwenye kofia, huo ni uhamishaji wa joto kutoka kwa mwenye ofisi kwenda kwa asiye na ofisi.

Ramani ya vivuli ina historia yake pia, na ukiwa juu ya baiskeli unaipita yote kwa chini ya saa moja. Natoka Ubungo kwa njia ya baiskeli iliyojengwa pamoja na mwendokasi, ulioanza kazi Mei 2016. Ni njia nzuri, nasema kwa moyo mweupe, hata kama ninagawana na bodaboda, mikokoteni na jiko la mkaa la mama anayekaanga mihogo. Lakini ni njia ya juani. Manzese jua, Magomeni jua, na Jangwani, bonde la Msimbazi linapofunguka pande zote, jua hasa. Halafu nakata kuingia Upanga na ghafla ngozi ya mikono inapoa. Miti mikubwa, majani juu ya lami, kunguru, mlinzi amelala kwenye kiti cha plastiki. Nikisogea kuelekea baharini nakutana na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na miti ya barabara inayoitwa sasa Barack Obama. Ukivuka Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, unaunguzwa kwa kilomita moja juu ya maji, kisha unaingia Oysterbay na kupoa tena.

Miti haikustawi kule kwa kuwa udongo wa Oysterbay unaipenda kuliko udongo wa Manzese. Wakati wa ukoloni mji uligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kuitenga Uswahilini na wengine, na kila sehemu ikapewa kanuni zake za ujenzi na ukubwa wake wa viwanja. Uzunguni viwanja vilikuwa vipana, nyumba mojamoja, na barabara zikapandwa miti. Uswahilini nyumba zilibanana, na mti ulikuwa shauri la mwenye nyumba. Tumebadilisha bendera, majina ya barabara, hata wakazi. Kivuli tumekiacha kilipokuwa. Leo hii anayetembea kwa miguu juani kwa saa nzima anatoka kule kusiko na miti, akienda kufanya kazi kwenye nyumba za kule kuliko nayo.

Tunapenda kuwaambia watoto kwamba mchumia juani hulia kivulini. Nami niliambiwa, na niliamini. Nikipita barabarani saa saba mchana nawaona wachumaji wote: muuza maji ya chupa anayekimbia kati ya magari, kijana wa mkokoteni, mama wa mihogo, na polisi wa usalama barabarani aliyevaa nyeupe na kubeba jua lote kichwani. Wamechumia juani, na wanakula hapohapo, wamechuchumaa kando ya ukuta usio na kivuli.

Fundi wangu wa baiskeli ni mmoja wa waliobahatika. Ofisi yake haina paa wala mlango. Mwarobaini ndio jengo lenyewe. Kwenye tawi ananing'iniza rimu, kwenye shina amepigilia misumari ya kutundika tairi kuukuu, na mzizi uliochomoza juu ya ardhi umelainika kwa miaka ya makalio ya wateja. Upande wa pili wa shina kuna kinyozi na kioo chake, mama lishe anaingia saa tano na masufuria, na bodaboda wana benchi lao. Mwarobaini haupukutishi majani yake yote wakati wa kiangazi kama mbuyu unavyofanya, kwa hiyo hawa wote wana uhakika wa kazi mwaka mzima. Ukiukata mti ule asubuhi, ifikapo adhuhuri umewafukuza kazi fundi, kinyozi na mama lishe, na sijawahesabu bodaboda, ambao watasema hawajafukuzwa lakini watahama.

Juzi nilipita kujaza upepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Gurudumu la nyuma limelegea."

"Sijazi sana. Kwa jua hili kiraka kinaachia. Halafu ukifika kazini usiiache nje, mzee. Iingize ndani."

Nilicheka. Kwenye geti la jengo ninakofanyia kazi, baiskeli mwisho wake ni uzio wa nje. Ndani kuna maegesho yaliyojengewa nguzo za chuma na turubai la kijani, na kila nguzo imeandikwa cheo cha mtu. Gari lililokuja na vioo vimefungwa, likapozwa njia nzima, linapumzishwa kivulini mpaka saa kumi. Mimi niliyekuja na jasho nafunga mnyororo kwenye chuma cha uzio, na saa za kutoka kiti hakikaliki mpaka nikimwagie maji. Nilipouliza kama ipo nafasi ya baiskeli mbili tatu chini ya lile turubai, nikajibiwa kwa upole kwamba maegesho ni ya vyombo vya moto. Nikafikiri kumwambia mlinzi apapase kiti changu kwanza. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amesimama juani, hajajengewa kibanda, nikaona tunagombana watu wa upande mmoja.

Sitaki kuigeuza miti kuwa kitu kitakatifu. Kivuli nacho kina wenyewe. Ukikaa kwenye benchi la kijiwe bila kusalimia utatazamwa mpaka uinuke, na mgambo wa jiji wanajua kwamba wakitaka kuwakuta wauzaji wasio na kibali waanzie chini ya miti. Yapo pia mambo ambayo mimi mwendesha baiskeli nililalamikia na baadaye nikayakumbuka kwa hamu. Mwishoni mwa 2021, wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara, nilifurahi. Njia ilikuwa nyeupe, hakuna tena kupenya kati ya ndoo na viatu vya mtumba. Kaskazi iliyofuata nikagundua kwamba pamoja na meza yaliondoka maturubai na miamvuli yote. Wenye biashara walikuwa wameufunika mji kwa mfuko wao, kipande kwa kipande, na hakuna aliyekuwa amewahi kuhesabu kazi hiyo. Njia ya waenda kwa miguu ikawa wazi, na mchana haikuwa na waenda kwa miguu.

Tunapopanua barabara tunatangaza idadi ya njia, urefu wa daraja na gharama za mkandarasi. Mti huwa wa kwanza kuondoka, na kama miche mipya itapandwa, hupandwa siku ya sherehe, kiongozi akishika jembe na kamera zikimzunguka, kisha inaachiwa ngoma ya kuishi bila maji kuanzia kesho yake. Mche unahitaji mtu wa kuumwagilia misimu miwili mitatu ya kiangazi. Mwarobaini wa fundi ulipona, kwa maneno yake, kwa sababu beseni analotafutia pancha humwagwa hapo kila jioni.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika msimu huu ni muuza madafu. Baiskeli yake ni Phoenix nyeusi, na karibu haipandi kabisa. Anaisukuma, matenga yamejaa pande zote mbili za keria. Kwa uzito ule hawezi kubahatisha, kwa hiyo anavijua vivuli vya mji kwa dakika. Mwanzoni mwa Machi 2025, jua lilipokuwa utosini, Ramadhani nayo ilikuwa imeanza. Nilimkuta alasiri chini ya mkungu, amefunga, midomo imekauka, na panga linakwenda. Wateja wa futari walikuwa wamepanga foleni. Alikuwa akichonga, anafungua, anamimina maji baridi kwenye chupa za watu, anakata kijiko kwenye ganda kwa anayetaka nazi yake, na maji yakimtiririkia mpaka kiwikoni. Mtoto mmoja alimuuliza, "Babu, hutamani?" Akamwambia asogee, anamzibia kivuli mama aliye nyuma yake.

Sasa mawingu yameanza kujikusanya upande wa bahari, na kwa kawaida katikati ya Machi masika huingia. Hapo ramani yangu itakuwa haina kazi. Mti utakaonidondoshea maji hautakuwa rafiki, Jangwani pakijaa barabara itafungwa, na nitaanza kuijua Dar es Salaam kwa madimbwi yake. Fundi ameshatundika madigadi kwenye tawi alilokuwa akining'iniza rimu. Nilipomuuliza bei siku ya jua kali alitaja bei ya kiungwana. Jana wingu lilipotanda akaongeza, tena bila aibu, akinionyesha angani kwa kidole. Nimechukua la nyuma tu. La mbele bado tunabishana.