Je, Kutunga Jibu la Mtihani ni Uongo?

Kijana mmoja ajitayarishaye kwa mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS aliniuliza neno lililonishika siku nyingi. Katika sehemu ya kusema, ichukuayo dakika 11 hata 14, mtahini humpa mtu kadi yenye jambo la kueleza, mathalani safari aliyoipenda. Hupewa dakika 1 ya kufikiri, kisha husema peke yake dakika 1 hata 2. Akasema, "Mwalimu, mimi sijasafiri popote. Nikitunga safari, je, nimesema uongo?"

Kwanza nilitaka kumjibu ndiyo. Lakini mtahini si hakimu, wala hatafuti habari za safari. Apima mambo 4 tu: mfululizo wa maneno, utajiri wa msamiati, sarufi, na matamshi. Wote wawili wajua hivyo. Basi hakuna adanganywaye, kama asikilizaye hadithi asivyodanganywa na msimulizi.

Uongo nauona mahali pengine. Wako wakaririo maneno yaliyotungwa na mtu mwingine, wakayatoa kana kwamba yamezaliwa kinywani mwao saa ile. Hapo kile kipimwacho ndicho kighushiwacho, kama maziwa yaliyotiwa maji. (Tena watahini hulitambua jambo hili, na swali moja la ghafula hulifichua.)

Nilimshauri aeleze kila jioni, kwa sauti, jambo moja alilolifanya mchana, saa ikiwa mbele yake. Siku ya kwanza maneno yalimwishia kabla ya nusu dakika. Juzi alisema dakika nzima juu ya ndama aliyepotea, makosa yakiwa bado mengi.